Fundi Aliyenifundisha Kwenda Polepole

Siku niliyochelewa kufika kijijini Nzahaha, nilikuwa nimelala mtaroni na pikipiki imenilalia mguu wa kulia. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, udongo mwekundu umelainika kama sabuni iliyosahauliwa majini. Niliteremka kwa haraka, nikaona kona inakuja, nikabana freni ya mbele kwa vidole vyote vinne. Gurudumu likafunga. Baada ya hapo nakumbuka mbingu, kisha majani ya migomba, kisha harufu ya petroli.

Kazi yangu ni kutibu mifugo. Watu wa milimani wananiita daktari, ingawa cheti changu hakisemi hivyo. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne na watoto wawili. Mume wangu alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha saruji kule Bugarama na kurudi nyumbani mjini Kamembe mwisho wa juma. Ofisi ya mifugo ndiyo kwanza ilikuwa imenipa pikipiki. Leseni nilikuwa nayo; niliipata kwa kuzunguka vizuizi vya plastiki juu ya lami kavu.

Asubuhi ile baba mmoja wa Nzahaha alinipigia simu. Ng'ombe wake alikuwa amevimba tumbo baada ya kula majani mabichi ya viazi vitamu. Ugonjwa huo haungoji. Gesi inajaa tumboni, inabana mapafu, na asipopatikana mtu wa kuitoa, mnyama anakufa huku unamtazama. Vifaa vyote vilikuwa mgongoni mwangu. Kilichobaki ni mimi kufika.

Wanawake wawili waliokuwa wakipeleka ndizi sokoni walitua mizigo yao, wakaninyanyulia pikipiki. Usukani ulikuwa umepinda, mkono wa freni umekatika. Niliiacha kwenye ua wa nyumba ya karibu nikaenda kwa miguu, goti likivuja damu, karibu saa nzima.

Nilipofika, ng'ombe alikuwa amelala ubavu na hapumui. Mwenyewe alikuwa amechuchumaa pembeni yake. Alisimama, akanitazama usoni, kisha akatazama goti langu.

"Maman Daktari, umeumia," akasema. "Kaa hapa."

Alileta maji kwenye dumu la njano, akaniosha goti kwa mikono yake, polepole, akitoa vijiwe kimoja kimoja. Mke wake akaleta kitambaa safi cha kufungia. Hakuna aliyenilaumu. Mwishowe mimi mwenyewe ndiye niliyesema, "Nimechelewa."

"Alikungojea," akajibu yule baba. "Amelala sasa hivi tu."

Nimetendewa wema mwingi maishani, lakini ule wa kuoshwa kidonda na mtu niliyemkosesha ng'ombe sijui hata leo niuweke wapi. Nilirudi Kamembe nyuma ya lori la mchanga, pikipiki imelazwa kando yangu, na njiani nikaamua: ama niirudishe ofisini, ama nijifunze kuiendesha kweli.

Fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa na garaji nyuma ya soko la Kamembe. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, kofia ya kufuma haimtoki kichwani hata akiwa amelala chini ya gari. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilichukuliwa na mnyororo zamani. Alitoka katika familia za Waislamu wa Kamembe ambazo zimekuwa mafundi tangu babu: mabati, saa, cherehani, kisha magari. Hakuwa mtu wa maneno matamu, na Kiswahili chake kilikuwa cha mitaa ya Kamembe: 'njo' ni ndiyo, 'ao' ni au, 'ba-' ni wa-. Redio yake ilipiga rumba tangu asubuhi hadi adhana, na mteja aliyeongea kwa sauti ya kuishinda redio aliambiwa angoje nje.

Aliizunguka pikipiki yangu mara mbili. Kisha akasema, "Hii haikuanguka. Imeangushwa."

"Njia ilikuwa mbaya, Fundi."

"Njia ya huku ilikuwaka muzuri siku gani? Panda, nikuone."

"Na usukani uliopinda?"

"Njo wako, umekuja nao. Panda."

Nilizunguka ua wake mara tatu, usukani ukivutia kushoto, mafundi wenzake wakinitazama. Alininyooshea mkono nisimame.

"Uko nakaa kama muntu anangojea zamu yake ku banki," akasema. "Pikipiki haiko kiti, Maman. Nitanyoosha hii chuma kesho, lakini nikikurudishia vile uko, utairudisha hapa juma lijalo, ao bataleta weye. Una siku gani ya kupumzika?"

"Jumapili."

"Kuja Jumapili. Vaa suruali."

Nyumbani nilimweleza mama yangu, ambaye ni fundi cherehani na amenishonea nguo tangu nizaliwe. Nilidhani atanikataza. Mwanamke mzima, mke wa mtu, kwenda kurukaruka juu ya pikipiki kwenye ua wa wanaume! Badala yake alitoa tepu yake ya kupimia shingoni, akaniambia nisimame, niinamishe magoti, ninyooshe mikono kana kwamba nimeshika usukani.

"Kama utasimama juu ya kitu hicho," akasema na pini zikiwa mdomoni, "usimame umevaa vizuri."

Alinishonea suruali pana ya kitambaa kigumu, iliyobana kwenye kifundo cha mguu ili isinaswe na mnyororo, na shati refu la kufunika. Nimevaa suruali za namna hiyo hadi leo. Nyingine zimechakaa, akashona nyingine, bila kuniuliza.

Jumapili ile Fundi alifungua chumba cha nyuma, akasukuma nje pikipiki ambayo sikuwahi kuona mfano wake. Ilikuwa nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, tangi dogo la kutosha chupa chache za petroli, matairi manene yenye meno, na mahali pa kukaa hapakuwa na kitu. Hakuna kiti kabisa. Nilimuuliza kiti kimekwenda wapi.

"Haikuzaliwa nacho," akajibu.

Ndipo aliponisimulia. Ujanani alikuwa mekanisyen, fundi wa magari, wa misheni moja ya Wakatoliki. Padri mmoja mgeni wa huko alikuwa, kabla ya upadri, akishindana kwao katika mchezo wa pikipiki usiohusu mbio. Unapewa mawe, magogo, kijito na mlima, na kazi yako ni kupita bila mguu wako kugusa chini. Mguu ukigusa, unaandikiwa kosa. Mwenye makosa machache ndiye mshindi, hata kama alitambaa kama konokono. Padri alikuja na pikipiki yake ya mchezo huo, akaitumia kufika vigango ambavyo gari la misheni halikufika, na jioni akamfundisha kijana Mwislamu aliyekuwa akiitengeneza. Uzee ulipomrudisha kwao, alimwachia kijana huyo pikipiki yake.

"Aliniambia kitu moja," Fundi akasema. "Mwenye haraka, njia inamufundisha. Mwenye kwenda polepole, anafundisha njia."

Jumapili mbili za kwanza hatukuwasha injini. Nilisimama juu ya vikanyagio viwili, magoti yamelegea, kifua mbele kidogo, usukani umegeuzwa upande mmoja, nikijaribu tu kutoanguka. Fundi alishika tairi la mbele kwa miguu yake, kisha akaliachia. Nilihesabu hadi tatu nikaanguka. Nilihesabu hadi tano nikaanguka. Mwisho wa Jumapili ya pili nilifika arobaini, mapaja yakitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo.

"Magoti njo ressort ya kwanza," alisema, maana yake springi. "Zile za chuma ni za kusaidia. Ukikaa, kila jiwe linapiga mugongo yako na pikipiki inakurusha. Ukisimama, yenyewe inacheza chini yako, weye uko kimya juu."

Kisha tukaja kwenye vidole. Kidole kimoja juu ya freni, kimoja juu ya ambreyaji, vilivyobaki vishike usukani. Ambreyaji ni ule mkono wa kushoto unaokata nguvu ya injini isifike gurudumuni, na mimi nilikuwa nikiutumia kubadilisha gia tu. Alinifundisha kwamba huo ndio usukani wa kweli wa mtu anayekwenda polepole. Unaiacha injini iimbe sauti ileile, isipande wala isishuke, kisha kwa kidole kimoja unalipimia gurudumu nguvu, kidogo, kidogo tena, kama unavyomimina mafuta kutoka dumu kubwa kwenda chupa. Freni ya mbele usiishtue; ikaze kama unavyobonyeza embe kujua kama limeiva. Penye utelezi, tumia ya nyuma, kwa wepesi.

Alipanga mawe ya mtoni katikati ya ua, akaweka gogo la mkaratusi. Kila mguu wangu ulipogusa chini alipaza sauti, "Moja!" Kisha, "Mbili!" Wanawake wa ua wa jirani, waliokuwa wakipepeta mchele wa Bugarama, wakaanza kuhesabu pamoja naye. Tulifika kumi na saba. Mmoja wao aliniita juu ya ukuta, "Dada, usitazame lile jiwe, linakuvuta!" Fundi alicheka kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndilo alilokuwa akiniambia tangu asubuhi. Ukitazama jiwe unaloliogopa, utaligonga. Tazama mahali unapotaka kutokea.

Alinifundisha pia kushindwa. Kila mtu, alisema, atashindwa na kilima fulani siku fulani, na wengi wanaumia hapo, si kwa kilima bali kwa ubishi. Injini ikizimika katikati ya mpando, usigeuze usukani. Bana freni, acha gia iko ndani, ilaze pikipiki upande wa juu wa mlima, wewe ubaki juu yake, si chini. Pumua. Iburute mkia hadi itazame chini, uteremke, ujaribu tena. Na kabla ya kujaribu popote, shuka, tembea kwa miguu uone. "Miguu yako ina macho," alisema.

Baada ya mazoezi ndiyo ilianza sehemu niliyoichukia, nikaja kuipenda: kuosha na kukagua. Ndoo, sabuni, brashi. Hakutaka kusikia habari za mashine za maji ya kasi zilizo kando ya barabara kubwa. Alisema maji yale yanaingia kwenye vyuma vya ndani vya gurudumu, yanatoa grisi, na wewe unaondoka umefurahi kwamba inang'aa. Unapoosha kwa mkono, vidole vinapita kila mahali, na vidole vinaona ufa kabla ya jicho. Kichujio cha hewa, kile kisponji kinachozuia vumbi, tulikifua kwa maji ya sabuni, tukakikausha kivulini, tukakipaka mafuta kidogo na kukikamua. Njia za kwetu zikiwa na vumbi, injini inayopumua bila kisponji safi haimalizi mwaka. Spoku za magurudumu alizigonga moja baada ya nyingine kwa kle, yaani spana, akisikiliza. Iliyokaza inalia ting. Iliyolegea inasema tap. Mnyororo uliachwa ucheze kiasi cha vidole viwili nami nikiwa nimekaa juu, kwa sababu uliokazwa sana unakatika na uliolegea unaruka.

Vitu viwili vilinishangaza. Mikono ya freni na ambreyaji kwenye usukani wa pikipiki yangu hakuikaza hadi mwisho. Aliacha iweze kuzunguka ikisukumwa kwa nguvu.

"Ukianguka, itageuka," akasema. "Ukiikaza sana, itakatika. Kama ile ya kwanza."

Cha pili kilikuwa waya. Alipitisha waya mpya wa ambreyaji kando ya ule wa zamani, sambamba, kutoka mkono hadi injini, akaufunga kwa utepe mweusi bila kuuunganisha.

"Wa nini?"

"Wa siku ile huu mwingine utakatika. Hautakatikia hapa mbele ya garaji yangu. Utakatikia porini."

Halafu akanifanya niubadilishe mara nne mfululizo, mara ya nne nimefumba macho. Nilikasirika. Nilikuwa na ufuaji nyumbani, watoto wananingoja, mikono imejaa grisi, na mtu mzima ananifumbisha macho kama mchezo wa watoto. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Bado mara moja."

Zilipita wiki nyingi. Kazi yangu kubwa, tangu kabla barabara haijawekwa lami na hata sasa, ni upande wa Bweyeye, pembeni ya msitu wa Nyungwe. Gari lolote laweza kufika kituoni siku hizi. Lakini ng'ombe hawaishi kwenye lami. Wanaishi nyuma ya mgongo wa kwanza wa mlima, na wa pili, ambako njia ni upana wa mtu mmoja mwenye mzigo kichwani.

Msimu wa mvua nilikuwa nimelala kituoni Bweyeye kwa chanjo za juma zima. Yapata saa mbili asubuhi mama mmoja mjane alinipigia kwa simu ya jirani yake. Ninamfahamu, anaishi nyuma ya mgongo wa pili, na alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aliyepewa na mradi wa serikali akiwa mtamba.

"Anazaa tangu kabla ya jua," akasema. "Miguu miwili iko inje. Kichwa hatukione."

Nilijua maana yake. Kichwa cha ndama kimepindia nyuma. Ng'ombe anasukuma na kusukuma, na kila akisukuma anakaza zaidi kile kilichopinda. Kwa miguu ni mwendo wa saa tatu hadi kwake. Nilikwenda mara nyingi hivyo.

Nilipunguza upepo wa matairi ya pikipiki yangu ya kazi kwa ukucha hadi yakawa yanabonyea kwa dole gumba, ili mpira ushike mizizi. Nilifunga mkoba kifuani badala ya mgongoni. Nikasimama juu ya vikanyagio.

Sehemu ya kwanza ilikuwa kando ya mashamba ya muhogo, njia imeinamia bondeni. Nilikwenda kwa gia ya kwanza, uzito kwenye mguu wa upande wa bonde ili tairi lisiteleze, kidole kimoja kikipima ambreyaji. Mtu aliyekuwa akipalilia alisimama kunitazama, akasema kitu kwa Kinyarwanda, kwamba hata yeye kwa miguu ananipita. Ilikuwa kweli. Alinipita, akanisubiri kwenye kona, akaniondolea tawi lililoanguka. Baada ya hapo njia ilinyooka, nikamwacha mbali.

Kwenye kijito nilishuka. Mahali wanapovukia watu palikuwa tope tupu, lakini hatua ishirini juu yake niliingia na fimbo nikakuta changarawe ngumu chini ya maji yanayofika gotini. Nilirudi, nikavuka hapo, macho yangu kwenye mti wa ng'ambo, si majini. Upande wa pili nilibana freni mara kadhaa zikauke.

Mpando wa mgongo wa pili ndio ulionishinda. Mizizi ya miti imeukata kama ngazi, kila ngazi imelowa. Mara ya kwanza gurudumu la nyuma lilipiga mzizi kwa mshazari, likakimbilia kando, injini ikazimika. Nililaza pikipiki upande wa juu. Nikapumua. Nikaiburuta mkia, nikateremka, nikaacha kila kitu nikapanda kwa miguu nione. Kulikuwa na mstari upande wa kushoto ambao ungenifikisha kwenye mizizi nikiwa nimenyooka, si mshazari. Mara ya pili nilipanda kila ngazi gurudumu likiikabili moja kwa moja, nikitia nguvu kabla ya mzizi na kuiachia juu yake. Nilipotokea mgongoni, mahali pa wazi penye upepo, nilitaka kucheka.

Ndipo mkono wa ambreyaji ulipolegea kwenye vidole vyangu, ukawa hauna kitu. Waya umekatika.

Nilikaa chini kwenye majani. Nilitoa kle mkobani, nikaiweka gotini. Nikafumba macho. Sikufanya hivyo kwa ujanja. Nilifumba kwa sababu nilitaka kulia. Lakini nilipofumba, vidole vilijua. Vikauchomoa wa zamani, vikakata utepe, vikaingiza kichwa cha waya mpya mahali pake, vikafunga chini, vikapima uhuru wake. Sidhani zilipita dakika kumi.

Nilifika kabla ya saa nne. Yule mama alikuwa ameshika kichwa cha ng'ombe wake, majirani wamesimama. Niliosha mkono hadi begani, nikaupaka mafuta, nikalala chini kwenye majani. Ng'ombe aliposukuma niliacha. Alipopumzika nilimsukuma ndama arudi ndani kidogo, kidogo tena, nikitafuta pua yake. Niliipata ikiwa imegeukia ubavuni. Nikapitisha kamba nyuma ya taya. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba sikuharakisha, na kwamba kile kidole kimoja cha kupimapima nilikuwa nacho humo ndani pia. Kichwa kilipogeuka nilikisikia kabla ya kukiona.

"Sasa," nikawaambia majirani. "Akisukuma, muvute. Akiacha, muache."

Ndama alitoka ulimi umekuwa wa bluu, hatikisiki. Tulimsugua kwa majani makavu. Nilimwingiza unyasi puani. Hakuna. Nikarudia. Akapiga chafya, akatikisa masikio, na yule mama akakaa chini palepale alipokuwa, kwenye tope, akaweka mikono kichwani. Alikuwa ndama jike. Saa moja baadaye mama yake alisimama mwenyewe na kuanza kumlamba.

"Umefika namna gani?" mjane akaniuliza akiniletea maji ya kunawa. "Njia imekufa."

"Polepole," nikajibu.

Alinisindikiza hadi mwisho wa shamba lake. Huko kwetu salamu ni kumtakia mtu mifugo mingi. "Amashyo," aliniambia, nikamjibu, "Amashongore," yawe majike. Nimesema maneno hayo tangu utoto bila kuyafikiria. Siku ile niliyafikiria.

Jumapili nilimpelekea Fundi kipande cha waya uliokatika, nikamsimulia yote, kijito, mizizi, kufumba macho. Nilingojea sifa, nikiri. Alipeleka kichwa cha waya kwenye mwanga, akakigeuza.

"Huu ulikatika sababu haukuupaka mafuta hapa ku kichwa," akasema. "Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha."

"Sasa unajua." Akaweka kipande kile mezani. Kisha akapunguza redio, jambo ambalo sikuwahi kuliona akilifanya. "Na ndama? Iko muzima?"

"Muzima."

"Muke ao dume?"

"Muke."

Aliitikia kwa kichwa. Akaenda ndani, akatoka na vikombe viwili vya chai, kimoja akanipa mimi.

Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake, nyonga ikavunjika. Mtu aliyepita juu ya mawe maisha yake yote, alilazwa na ngazi tatu za saruji. Alikaa kitandani miezi kadhaa, akawa mkali kuliko kawaida. Mke wake aliniambia jambo moja linamsumbua kuliko maumivu: ile pikipiki isiyo na kiti imesimama tu. Basi kila Jumapili nilikwenda, nikaitoa, nikaiwasha chini ya dirisha lake, nikaizungusha uani juu ya mawe yaleyale. Alisikiliza akiwa amelala.

"Buji," alipaza sauti siku moja kutoka ndani. Nilifungua ile plagi nikaikuta nyeusi kwa moshi.

Siku nyingine: "Umeweka muguu chini."

Nilikuwa nimeuweka. Sijui aliusikiaje.

Alipoanza kukaa kitini nilijaribu kumshukuru kama inavyopasa. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilimwambia kuhusu yule mjane, ambaye sasa ana ng'ombe wanne, na kuhusu watoto wangu ambao mama yao anarudi nyumbani mzima kila juma. Alinitazama mikononi.

"Shukrani mupe Mungu," akasema. "Mimi unipe ile kle ya kumi, hiki kiti kinalegea."

Nilimpa. Aliikaza nati ya kiti kwa vidole vyake vitatu, bila kuifikisha mwisho, akaegemea nyuma kujaribu, akaniomba nifungue dirisha aone ile pikipiki uani.